Plasta ya Jicho la Kulwa

Kila mchana Scolastica aliporudi kutoka shule aliikuta nyumba yao ya Kisanga vilevile. Kuku walikuwa wamejilaza chini ya ghala, bibi Kishiwa ameketi kwenye kigoda akichambua choroko, na mapacha, Kulwa na Doto, wanacheza mdako kwenye kivuli cha ukuta. Mmoja wao alikuwa na plasta nyeupe kwenye jicho la kulia. Scolastica alimwamkia bibi yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavua viatu, kisha akawatupia mapacha jicho moja la haraka. Mwenye plasta ndiye Kulwa. Asiye na plasta ndiye Doto. Mambo yote yako sawa.

Hivyo ndivyo alivyoamini, na katika nyumba ile hakuwa peke yake.

Mapacha wale walikuwa na umri wa miaka sita, na kufanana kwao kulikuwa kwa kuchosha watu. Baba yao, Masunga, aliweza kumtaja kila ng'ombe wake kwa kumwona mgongo tu, lakini wanawe aliwakosea mara kwa mara, akamlaumu Doto kwa uji alioumwaga Kulwa. Tofauti yao ilikuwa moja. Jicho la kushoto la Kulwa lilipenda kukimbilia puani. Alipomtazama mtu, jicho la kulia lilimtazama mtu huyo, na la kushoto likaichungulia pua kana kwamba kuna kitu limekisahau huko. Watu huita makengeza. Kwa alama hiyo hata mama yao, Devotha, aliwajua wanawe.

Mwalimu wa darasa la awali ndiye aliyemshauri Devotha ampeleke Kulwa kwenye kliniki ya macho mjini Kilosa. Daktari Agatha alimpima kwa muda mrefu, kisha akaeleza. Jicho la kushoto la Kulwa halikuwa na kidonda wala upofu. Lilikuwa jicho vivu. Ubongo umezoea kulitumia la kulia, la kushoto limeachwa likalala. Dawa yake ni kulifunika lile jicho zima kwa plasta kila siku, kuanzia mchana mpaka jua linapozama, ili lile vivu likose pa kujificha lifanye kazi. Alisema pia kwamba kazi hiyo ifanyike mtoto angali mdogo, maana jicho lisilofundishwa mapema huja likakataa shule moja kwa moja.

Maelezo yalikuwa marefu na gari la kurudi lilikuwa likipiga honi. Devotha alipofika nyumbani aliyafupisha. Alimkabidhi mama mkwe wake boksi la plasta, akasema, "Mama, daktari amesema afungwe jicho hili la kulia kila mchana." Basi. Kesho yake alfajiri alikuwa njiani kwenda Mikumi na madumu yake ya maziwa, kama kawaida.

Masunga aliposikia alisimama na fimbo yake mkononi, akauliza kama siku hizi mtu akivunjika mguu wa kushoto hospitali wanamfunga wa kulia. Bibi Kishiwa hakusema neno. Na bibi Kishiwa akinyamaza, wenye akili huenda kuhesabu kuku, maana kuna analolipanga.

Kwa hiyo kazi ya kufunga ikawa ya bibi. Mama yuko Mikumi, baba yuko machungani, Scolastica yuko darasa la sita akipambana na sehemu na desimali. Kila jioni Devotha alirudi, akabandua plasta kwa mkono mmoja huku wa pili ukisukuma kuni, akauliza, "Mama, amekaa nayo leo?"

"Imekaa," bibi alijibu.

Mavuno ya mpunga yalipokaribia walirudi Kilosa kupimwa. Daktari Agatha alitundika ukutani ile karatasi ya alama zinazoangalia juu, chini na pembeni, akamfunika Kulwa jicho la kulia, akamwambia aonyeshe kwa kidole kila alama inaangalia wapi. Kulwa aliionyesha ile kubwa ya juu kabisa. Zilizofuata akaanza kubahatisha.

"Mama Kulwa," daktari alisema taratibu, "hamumfungi huyu mtoto."

Devotha aliapa kwamba wanamfunga kila siku. Daktari alimtazama, na Devotha aliyajua vizuri macho yale. Ndivyo wateja wa Mikumi wanavyomtazama muuza maziwa wanayemdhania ametia maji.

Siku hiyo shaka iliingia nyumbani kwao kama siafu, ikapita kila chumba. Masunga alisema atavumilia mpaka kliniki ijayo tu. Ikiwa jicho halijabadilika atampeleka mwanawe kwa fundi mmoja wa Lumuma, anayepuliza unga wa mizizi machoni. Scolastica alimfahamu mzee Abeli wa kitongoji cha pili, aliyewahi kwenda kupuliziwa unga wa namna hiyo akiwa na muwasho tu. Alirudi na jicho jeupe kama yai la njiwa, na mpaka leo hutembea kwa kushika bega la mjukuu.

Devotha naye alimwita bintiye mkubwa nyuma ya nyumba. Alitaka kujua kama si yeye anayembandua Kulwa plasta kwa huruma akirudi shule. Scolastica alikana. Mama yake hakubishana, ila alimtazama vilevile alivyotazamwa yeye kliniki, na mtazamo ule ulimuuma Scolastica kuliko kiboko. Aliamua kumtafuta mwizi wa plasta mwenyewe.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Ashrafu. Huyu alikuwa mtoto wa jirani, wa darasa lake, na nyumba zao hazikuwa zikiazimana chumvi tangu ng'ombe wa Masunga walipoingia kwenye ufuta wa baba yake. Ashrafu ndiye aliyempa Kulwa jina la Taa Moja, kama yale malori yanayopita Mikumi usiku na taa ya upande mmoja. Siku Scolastica alipookota plasta iliyotumika kwenye njia ya kando ya ule ufuta, hakuhitaji ushahidi mwingine. Mbele ya darasa zima alimtupia Ashrafu plasta ile, akamwambia kuwa ni mwoga anayevizia watoto wadogo, anawabandua dawa machoni.

Wenzao walisogea wakisubiri ngumi. Ashrafu aliikunja ile plasta kwenye kiganja, akairudisha juu ya dawati la Scolastica.

"Taa Moja nilimwita, hilo nakubali," alisema. "Plasta sijagusa. Ila na mimi nikuulize, wewe mwenye ndugu. Juzi huyo mwenye plasta wenu alikuwa anadaka mpira wa makaratasi kama golikipa. Jana mwenye plasta wenu alikuwa anapapasa kutafuta mlango. Huyo ni mgonjwa wa namna gani, anaona kwa zamu?"

Darasa lilicheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani swali lile lilimng'ata Scolastica kisigino.

Tangu hapo alianza kuchunguza. Hakuuliza mtu, maana anayeuliza hujulikana anachotafuta. Alikaa na daftari lake la hesabu magotini, akatazama. Ashrafu alikuwa amesema kweli. Siku moja mwenye plasta alimimina maji pembeni ya kikombe, akakanyaga mkia wa paka, akalia machozi ya jicho moja. Siku iliyofuata mwenye plasta alitunga shanga kwenye uzi bila kukosea tundu. Scolastica akawaza kuwa labda Kulwa anachungulia pembeni ya plasta. Akaikagua. Ilikuwa imeshika vizuri kila upande, haikuacha hata nafasi ya kupitisha unyoya.

Bibi Kishiwa alimwona anavyozungukazunguka. Akamwita, akamwekea michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga kwenye sahani, akamwambia mtoto anayetazama watu sana hudondosha chakula. Scolastica alishukuru, akala. Lakini moyoni aliandika jambo lingine: siku zote michembe haikuwa ikitolewa mpaka Jumapili.

Wakati ule anatafuna, yule pacha asiye na plasta alimjia akiomba karanga. Alinyoosha mkono, akainua uso, akamtazama dada yake. Na pale pale, polepole, bila haraka yoyote, jicho lake la kushoto likaondoka likaenda kukaa karibu na pua.

Scolastica aliacha kutafuna. Doto hakuwa na makengeza. Doto hakuwahi kuwa na makengeza tangu azaliwe.

Hakupiga kelele. Alimpa karanga, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, akiwa ameinamia sahani, "Kulwa, kaniletee maji."

Hakuna aliyeinuka. Mapacha wote wawili waligeuka wakamtazama bibi.

Bibi Kishiwa aliendelea kuchambua choroko, ila vidole vyake vilikuwa vinatupa nzima na kubakiza mbovu. Mwishowe alishusha pumzi, akawaambia watoto wakachezee kwa ndama.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, bibi."

Wanaotaka kujua kama mapacha walidanganya, jibu ni hapana. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Watu wote wa nyumba ile waliuliza plasta, nayo plasta ilikuwepo.

Bibi hakuanza kwa kujitetea. Alieleza kama anayesimulia habari za jirani. Kwao, kabla hawajahama na ng'ombe kuja huku Kilosa, mapacha walipewa vitu sawa. Huyu akishonewa gauni, na yule anashonewa. Huyu akitiwa dawa, na yule anatiwa. Ukimpa mmoja ukamwacha mwenzake, aliyeachwa husononeka akaugua. Yeye mwenyewe aliwahi kuzaa mapacha kabla ya Masunga. Mmoja alishikwa na homa, akapelekwa zahanati, akapewa dawa peke yake. Aliyekuwa mgonjwa akapona. Aliyekuwa mzima homa ikamgeukia, na mvua ilikuwa imefunga njia. Alimzika kabla mwezi haujaisha.

"Ng'wana wane," alisema, na anapoingiza neno la kwao la kumwita mtu mwanangu, ujue hapo hakuna utani, "mama yako alinipa boksi, akaniambia funga. Hakuniambia kwa nini linafungwa jicho zima. Hakuniambia usimfunge huyu mwingine. Basi nikagawa. Leo huyu, kesho mwenzie. Sikuiba."

Scolastica alimwambia kwamba inabidi mama aelezwe. Bibi akatikisa kichwa. Mkwe wake akijua, alisema, atasema mama mkwe anamharibia mtoto kwa makusudi, na kuanzia siku hiyo atafungiwa hata chumvi. "Ukisema umenivua nguo hadharani, mjukuu wangu. Mimi na wewe tutaipanga wenyewe."

Pale ndipo palipokuwa pagumu. Scolastica alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote aliyewahi kumpa michembe. Lakini akimwangalia usoni alimwona mzee Abeli na jicho lake jeupe. Akiwaza kunyamaza, aliona unga wa Lumuma ukipulizwa katika jicho la Kulwa ambalo halikuwa na kosa lolote zaidi ya uvivu. Alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Bibi, nisipomwambia mama, baba atampeleka Kulwa kwa yule fundi. Nitasema. Ila nitasema ukiwepo, na nitasema na hilo la watoto wako."

Bibi alimtazama kwa jicho la mtu anayepima kama sarafu ni halisi. Kisha akasema, "Mkorofi. Umefanana na mimi."

Jioni ile Devotha alipotua madumu, Scolastica alisema yote, hakuongeza wala hakupunguza. Uso wa mama yake ulibadilika, akafungua kinywa kumgeukia mama mkwe wake. Wakati uleule akasikia habari ya yule mtoto aliyezikwa. Alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka yote hiyo, na hakuwahi kuijua. Alikaa chini kwenye mchanga, karibu na kigoda.

"Mama, kosa ni langu," alisema hatimaye. "Daktari alinipa maneno kibaba kizima, nikakuletea konzi. Na mwenyewe sikumfunga mwanangu hata siku moja."

Masunga, aliyekuwa mlangoni akijifanya anakaza kamba ya fimbo, alikohoa. Hata yeye hakuwa amewahi kumfunga.

Kliniki iliyofuata walikwenda wote: Devotha, Masunga, bibi, mapacha wawili, na Scolastica aliyeombewa ruhusa shuleni. Ng'ombe waliachwa kwa Shimba, mdogo wake Masunga. Daktari Agatha alipoona msafara ule unaingia chumbani kwake alidhani wamekuja kugombana, akavuta kiti chake nyuma kidogo. Aliposimuliwa alitaka kucheka na kukasirika, hakujua aanze na lipi. Kwanza alimpima Doto macho yote mawili, akasema amesalimika, lakini jicho zima lisilo na tatizo si la kufungwafungwa. Kisha akamgeukia bibi Kishiwa, akamsalimu upya, akaanza maelezo yake tangu mwanzo.

Bibi alisikiliza akiwa na uso wa mtu anayeuziwa mbuzi kilema. Ndipo Masunga, ambaye hakuna aliyemtarajia, akaingilia kati.

"Mama, ni kama ng'ombe wawili kwenye plau," alisema. "Yule mmoja akiwa na nguvu, mwenzake anajifanya anavuta, kumbe amebebwa tu na nira. Ukimpiga huyo mvivu bure. Unamtoa yule mwenye nguvu, apumzike, yule mvivu abaki peke yake na kazi. Nilikuwa nauliza kwa nini wanafunga mguu mzima. Kumbe mimi mwenyewe nafanya hivyo shambani kila mwaka."

Bibi akasema kuwa kama ni habari ya plau angeelewa tangu siku ile ya boksi, tatizo hakuna aliyemwambia. Ila la mapacha bado liko palepale. Kulwa atapewa plasta. Doto je?

Daktari alifikiri. Akauliza, kwa adabu, kama kwa desturi yao ni lazima plasta ya Doto ikae jichoni.

Bibi alizungusha macho juu ya dari, akitafuta mahali ilipoandikwa. "Haikusemwa jichoni," alikubali. "Imesemwa sawa."

"Basi tumbandike plasta ndogo ya kawaida ya kidonda. Mahali popote utakapochagua."

"Huyu kinachofanya kazi kupita kiasi ni mdomo," bibi alisema. "Tuupumzishe."

Doto alifunika mdomo kwa mikono yote miwili, na hapo hata daktari alicheka. Wakakubaliana mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko.

Kuanzia siku ile mambo yaligeuka. Devotha aliacha kuuza maziwa ya mchana, akawa anarudi kutoka Mikumi mapema kumfunga Kulwa kwa mkono wake mwenyewe. Masunga alichukua zamu ya jioni ya kubandua. Kulwa alilia mwanzoni, akaomba aonewe huruma, akajaribu kuibandua kwa ukucha. Bibi Kishiwa, ambaye sasa hakumwamini mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, alimketisha ubavuni na kumpa choroko achambue na shanga atunge, jicho vivu lisipate usingizi. Doto alipewa choroko zilezile, kwa usawa. Doto ndiye aliyelalamika zaidi.

Scolastica naye alikuwa na deni. Aliyemtuhumu mtu mbele ya darasa hamwombi radhi vichakani. Alisimama mbele ya darasa, akamwambia Ashrafu kuwa alimsingizia, na kuwa bila swali lake Kulwa angeishia Lumuma. Ashrafu alikuna shingo. Alisema imekwisha, na kwamba na yeye lile jina la Taa Moja ameliacha. Jioni mama yake alituma kisahani cha ufuta uliokaangwa. Bibi aliunusa kwanza, kisha akala.

Mvua za vuli zilinyesha, mahindi yakaota, na wakarudi Kilosa. Daktari Agatha alifunika jicho la kulia la Kulwa. Mtoto alionyesha alama ya kwanza, ya pili, akateremka mstari kwa mstari hadi karibu na chini. Masunga alisogea nyuma ya Kulwa na kuinama mpaka usawa wa macho yake, kuhakikisha hakuna anayemnong'oneza.

"Anaona," alisema kwa sauti ndogo.

"Bado tunaendelea, na sasa afungwe tangu asubuhi," daktari aliwaambia. "Nilipowapa boksi nilidhani nimewapa dawa. Dawa ya jicho vivu ni yule mzazi anayekaa na mtoto, anayejua kwa nini anafunga, na anayewaeleza wenzake wote nyumbani. Ukimwachia mtu kazi bila kumpa sababu, ataifanya kwa sababu zake. Na mkishukiana, ulizaneni kabla hamjatuhumiana."

Januari mapacha walianza darasa la kwanza. Mwalimu mpya alimwona mmoja na plasta jichoni, akaelewa. Alipomwona wa pili na plasta juu ya kiwiko, akamwita mbele, akamuuliza anaumwa nini.

"Mimi siumwi, mwalimu," Doto alijibu. "Namuuguza mwenzangu."